Mpimaji wa Mto Shari

Kila asubuhi kabla ya saa moja, Mpimaji alipita mbele ya nyumba yangu, rejista kwapani na penseli mbili mfukoni, na kila asubuhi nilimwonea wivu. Ninaliandika neno hilo mwanzoni ili lisinisumbue njiani. Nimekuwa katekista zaidi ya miaka arobaini. Nimefundisha dini shuleni mpaka watu wakaniita Mwalimu, nimezika watu wengi, nimebatiza wengine waliokuwa karibu kufa. Mungu, ninamshukuru, amenipa subira kwa karibu kila kitu. Kwa mtu yule hakunipa, au alinipa nikaiangusha.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, wa kabila gani, sitaandika. Katika mji wetu wa Bunia, miaka ile ya vita, maswali hayo yaliua watu. Inatosha kusema kwamba mimi nilihesabiwa upande mmoja na yeye upande mwingine. Kabla ya vita hakuna aliyetuhesabu. Wivu wangu haukuwa wa kabila. Ulikuwa wa kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la chuma, mdomo wazi, limesimamishwa juu ya mti mfupi ndani ya uzio pembeni ya shule yetu ya parokia. Saa moja kamili Mpimaji alimimina maji ya ndani yake katika kioo chembamba chenye mistari, akakiinua usawa wa macho, akasoma milimita. Kisha alishuka mpaka mto Shari, ambako kulikuwa na mbao ndefu yenye namba iliyosimikwa ndani ya maji, akasoma sentimita. Mvua namba moja, mto namba moja. Akaandika. Mwisho wa mwezi alinakili yote kwa mwandiko mzuri na kutuma karatasi kwenye ofisi moja ya serikali katika mji mkuu. Ofisi hiyo ilikuwa imeacha kumlipa tangu zamani, na kumjibu pia.

Mimi nilisoma seminari ndogo. Nilijua Kilatini. Yeye aliacha shule akiwa amesoma miaka mitano tu ya msingi, na Kifaransa chake kilikuwa cha namba na siku za juma. Lakini wageni wakifika parokiani, wazungu wa miradi au maofisa kutoka Kisangani, waliuliza: "Yuko wapi mzee wa mvua?" Katika maisha yangu yote hakuna mgeni aliyeuliza yuko wapi mzee wa Kilatini.

Mwaka mmoja mvua zilichelewa, na padri akaniomba niongoze novena ya mvua. Siku tisa tulisali, mimi mbele, akina mama nyuma yangu na majembe yao, kwa maana kutoka kanisani walikwenda moja kwa moja shambani. Siku ya tano, baada ya amina ya mwisho, niliwaona wakipita wote kwenye uzio wa kopo. Mke wangu alikuwa wa kwanza.

"Muzee Mupimaji, tupande maharagi ao tungoje?"

"Ngojeni kidogo, bamama. Mwaka kama huu nilishaonaka mara mbili. Mvula itadanganya mara moja, kisha itakuya ya kweli."

"Na maombi ya Mwalimu?"

"Maombi ya Mwalimu ni kwa kuileta. Miye niko tu kwa kuihesabu ikishafika."

Walicheka, na mke wangu alicheka kuliko wote. Nyumbani nilimwambia kwamba si vizuri kutoka mbele ya Mungu na kwenda kuuliza kopo. Alinijibu, "Mungu ananisikilizaka. Mupimaji ananijibuka." Sikula siku ile.

Alikuwa na mambo ambayo yangetosha kumshusha kwa watu, lakini hayakumshusha. Alilala wakati wa mahubiri. Jumamosi alikunywa pombe ya ndizi mpaka akaimba, na hakujua kuimba. Alichelewa arusi, mazishi, na ubatizo wa watoto wake mwenyewe. Mtu ambaye kwa miaka hakuchelewa hata dakika kumi kwenye kopo alifika kanisani mtoto akiwa ameshapakwa mafuta, akasema, "Kumbe mulianza?" Hakuwa na mwavuli. Mvua ilimnyeshea kama mbuzi, na alipoulizwa alisema mtu hawezi kupima kitu anachokikimbia.

Tena alikuwa na ushupavu ambao mimi sikuwa nao. Asubuhi moja ya kiangazi, siku nyingi bila wingu, alikuta maji ndani ya kopo. Mimi nilikuwepo, kwa sababu padri alikuwa amenichagua niwe msaidizi wa Mpimaji siku za Jumapili na siku akiugua. Nilisema labda ni umande. Yeye alichovya kidole, akaonja.

"Sabuni," alisema.

Akatazama juu. Kutoka mti wa jirani mpaka pembe ya uzio kulikuwa na kamba ya nguo. Alikwenda akamwambia mama mwenye nguo, bila hasira, kwamba shuka zake zimenyesha milimita tatu. Kisha akaandika kwenye nafasi ya maelezo: *maji ya nguo, si mvua*. Mimi ningeandika umande, au tatu, au kitu chochote, mradi nafasi isibaki na maneno ya aibu. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na niliijua asubuhi ileile.

Alinifundisha kazi kwa maneno machache. Maji yaliyosomwa leo asubuhi ni ya jana, yaandike katika siku ya jana. Soma chini ya tumbo la maji, si pembeni yanapopanda kwenye kioo. Na jambo moja alilirudia kila mara, kama mimi ninavyorudia sala ya kutubu kwa watoto wa komunyo ya kwanza:

"Mwalimu, zero haiko sawa na tireti. Zero ni kusema: nilikwenda, niliangalia, hakukuwa kitu. Tireti ni kusema: siku ile sikuangalia. Mutu anaweka zero fasi ya tireti, iko anashuhudia kitu hakuona."

Tireti ni kile kistari kifupi. Katika rejista za Mpimaji tulizokuwa nazo kabatini, ungeweza kufungua mwaka mzima usikute tireti hata moja. Nilizitazama rejista zile kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani yenye bati jipya.

Kisha vita ikaingia mjini. Wengine wataandika nani alianza. Mimi nitasema tu kwamba mji ulikatwa mtaa kwa mtaa, na daraja la Shari likawa mpaka. Nyumba ya Mpimaji ilikuwa ng'ambo. Kopo lilikuwa upande wangu, mbao ya mto ilikuwa upande wake. Juma la pili alikuja kwangu mama mmoja aliyeuza samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani. Akina mama wa samaki waliachwa kupita daraja baadhi ya siku, kwa maana hata wenye bunduki wanakula. Aliweka beseni chini na kusema:

"Mupimaji anakusalimia. Anasema weye uangalie kopo, yeye ataangalia mto. Mukutane vita ikiisha."

"Ni hayo tu?"

"Anasema tena: usiogope, lakini usijifanye hauogope. Sijui maana yake. Samaki unanunua?"

Miezi mitano tulipima hivyo, mvua huku na mto kule, bila kuonana. Habari zake nilizipata kwa mama yule. Siku ya kwanza vijana wa kizuizi walimkamata kando ya maji.

"Muzee, unahesabu nini hapa? Unaangalia fasi ya kuvusha adui?"

"Ninahesabu mto."

"Mto unahesabiwaka?"

"Soma weye mwenyewe pale kwenye mbao. Iko ngapi?"

Kijana akasoma, mwenzake akabisha, wakagombana kuhusu sentimita mbili, wakamwacha. Mama wa samaki alisimulia akicheka mpaka machozi, na watu wa nyumba yangu wakacheka pia. Siku nyingine, alisema, walimrudisha kwa kitako cha bunduki. Hapo hakucheka.

Na mimi? Kopo lilikuwa hatua mia mbili kutoka mlango wangu. Siku nyingine nilikwenda. Siku nyingine risasi zilipita juu ya bati, nami sikwenda. Mara ya kwanza nilishika penseli kuweka tireti, nikakumbuka rejista zilizo kabatini. Niliona siku atakayorudi, atakapofungua miezi yangu, na ukurasa umejaa vistari kama uzio wa mbuzi. Usiku uliopita nilikuwa nimeisikia mvua juu ya bati. Nilijua ilikuwa kubwa kiasi. Niliandika kumi na mbili. Baadaye nilifuta, nikaandika kumi na mbili nukta nne, kwa sababu namba yenye nukta inaaminika zaidi.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Sauti ya mvua ilinipa namba. Isiponyesha kwa kusikia kwangu, niliandika zero. Kuna siku nilizolala usingizi wa woga nisisikie chochote, nazo nilizipa zero. Nilikuwa nasali rozari nzima kila siku katika miezi ile, na sikuwahi kuona kwamba mikono miwili ya mtu mmoja ilikuwa ikifanya kazi mbili. Kwa padri niliungama wivu, kila mwezi, kwa uaminifu. Namba sikuziungama. Nilijiambia namba si dhambi, ni hesabu.

Vita ilipotulia Mpimaji alirudi. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, alikuwa amehamia Mbunya kwa shemeji yake, amekonda, bega moja limeshuka. Mbele ya uzio wa kopo nilimpa rejista yangu. Alifungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine, mpaka wa mwisho. Kisha akawaambia watu waliokuwa wanatoka misa:

"Angalieni ninyi bote. Mwalimu hakukosa hata siku moja. Miye niko na tireti mingi. Yeye hapana."

Mke wangu alinitazama siku ile kama hakuwahi kunitazama tangu arusi. Nilikula sifa ile, nikashiba.

Miaka ilipita. Kopo likaibwa, likaletwa lingine. Macho ya Mpimaji yakaanza kufifia, mwanawe wa kike akashika kazi. Nami nikaamini kwamba miezi mitano ile imezikwa pamoja na mambo mengine mengi yaliyozikwa wakati ule.

Kisha akaja mhandisi, msichana mwenye sauti ya upole, ametumwa kukusanya rejista za zamani za mvua na mito. Alikaa katika sali, ukumbi wa parokia, na ordinateri yake, yaani kompyuta, akaandika ndani yake namba za miaka yote, moja moja. Alitueleza kazi yenyewe vizuri. Mashine, alisema, inafundishwa kwa siku zilizopita: mvua kiasi hiki, mto ukapanda kiasi hiki. Ikishajifunza, wataipa mvua ya leo, nayo itasema mto wa kesho. Hapo redio itawaambia watu wenye nyumba na mashamba ya bondeni wahame kabla maji hayajafika. Ikifundishwa vibaya, itawaambia watu walale salama pasipo usalama.

Alasiri ya siku ya mwisho alituita sisi wawili, mimi na Mpimaji. Ndege yake ilikuwa kesho saa sita. Kwenye kioo cha ordinateri mvua ilining'inia kutoka juu kama meno ya kitana, na mto ulipita chini kama kamba.

"Bazee," alisema, "mvua ikinyesha, mto lazima uitike, siku ileile ao kesho yake. Miaka yote hapa unaitika vizuri sana. Angalieni. Lakini hii miezi mitano ya vita, mto hauitike kabisa. Hapa mvua kubwa, mto umelala. Hapa zero siku tatu, mto unapanda sentimita makumi. Moja kati ya hizi rejista mbili haiko ya kweli."

Alivuta rejista zote mbili karibu, akazifungua.

"Bon. Ya mvua imejaa, haina nafasi hata moja. Ya mto iko na tireti kila fasi. Kwa hiyo nafikiri makosa iko kwa mto. Papa Mupimaji, unisamehe. Ile miezi yako nitaifuta."

Mpimaji aligeuza uso upande wa sauti ya msichana, kwa maana kioo hakukiona tena.

"Mama, unisomee namba zangu za mwezi wa kwanza."

Alimsomea. Mzee alisikiliza, midomo ikitembea. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Nilikuwa naona hivyo. Lakini kama kitabu ya Mwalimu inakatala, basi ufute yangu. Mwalimu iko mutu wa Mungu. Pengine macho yangu ilikuwa na woga."

Ninaandika jambo hili mbele ya Mungu: nilifurahi. Kabla ya aibu, kabla ya kitu kingine chochote, ilikuja furaha ndogo ya moto. Mara moja katika maisha, rejista yangu imesimama na yake imeanguka, tena kwa kinywa chake mwenyewe. Nilimshika mkono nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamtafutia pikipiki ya kumrudisha Mbunya. Aliniaga na kunishukuru. Alikuwa amevuka kizuizi kwa miezi mitano ili asome mbao ya rangi ndani ya maji, na sasa alikubali kwamba hakuiona. Hata unyenyekevu alinizidi, na hata huo nilimwonea wivu, huku nikitembea kurudi nyumbani.

Asubuhi niliamka kusali nikashindwa kupita neno la kwanza. Nilifika sali kabla ya mhandisi. Alipofungua mlango nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kofia mkononi. Nilimwambia juu ya bati, juu ya sauti ya mvua, juu ya nukta nne.

Hakunikaripia. Aliketi, akafungua ordinateri.

"Papa Mwalimu, siku gani ulienda kweli? Unionyeshe. Hizo tutazilinda."

Nilipiga magoti karibu na meza ili nione vizuri. Nilipitisha kidole juu ya namba zangu, mwezi wa kwanza, wa pili. Zote zilikuwa na mwandiko mmoja, zote zilikuwa na nukta. Kulikuwa na asubuhi za kweli ndani yake. Najua nilikwenda, najua nililoa. Lakini sikuweza kuonyesha hata moja.

"Sijui tena," nilisema.

Alirudi kwenye ordinateri. Kisha akabonyeza mara moja, na meno yote ya kitana yakatoka. Miezi mitano ikawa nyeupe juu, na chini yake kamba ya mto ikabaki inapita, imekatika hapa na pale.

"Mto unabaki," alisema. "Tutatafuta mvua fasi ingine, pengine kule mji wa Mahagi waliandika."

Nilikwenda Mbunya kwa miguu. Nilitaka safari iwe ndefu.

Mpimaji alikuwa uani, ameketi kwenye kiti cha kamba, ungo wa maharagwe magotini, anachagua mabovu kwa vidole. Nilikaa kwenye gogo mbele yake nikamwambia yote, kwa utaratibu, kama nilivyofundisha wengine kuungama. Vidole vyake viliendelea kuchagua.

"Zote?" aliuliza.

"Si zote. Lakini sijui zipi."

"Ile siku ya kwanza mabomu ilianguka karibu na soko, kitabu yako inasema kumi na tisa. Mwanangu alinisomeaka. Ile siku weye ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Chini ya kitanda."

Vidole vilisimama.

"Miye ile siku nilitoka," alisema. "Kwenye barrière, ile kizuizi ya vijana, walinitandika, hii bega. Nilirudi nikaweka tireti, nikalia. Kisha vita inaisha, naona kitabu yako, na ile siku iko na namba. Nilisema: kumbe Mungu alimufungulia Mwalimu njia, miye akanifungia. Juu ya nini? Juu ya pombe? Juu ya kulala mu mahubiri? Nilikuonea wivu, Mwalimu. Miaka hii yote. Kila mara ukisimama mbele kusali, nilikuwa nawaza: yule anapendwa, miye hapana."

Tangu nilipomfahamu nilitamani jambo moja tu kutoka kwake, nalo ni hilo, anionee wivu. Nilikuwa nalo muda wote bila kujua. Lilikuwa limekaa ndani ya mtu huyu kama ugonjwa, nami ndiye niliyelipanda, kwa mvua ambayo hakuna aliyeipima. Nilifungua kinywa nimwombe msamaha, na maneno ambayo nimewafundisha watu kwa miaka arobaini hayakuja.

"Chini ya kitanda," alisema tena, polepole, kama mtu anayesoma kioo. Kisha bega lake lisiloumia likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ungo ukainama na maharagwe yakamwagika yote mavumbini.

"Mama!" aliita ndani ya nyumba. "Mama, kuya mbio! Kuya usikie Mwalimu alikuwa wapi!"

Nikashuka kutoka kwenye gogo, nikapiga magoti, nikaanza kuokota maharagwe moja moja. Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, anafuta mikono, na nyuma ya ua jirani alikuwa anauliza kuna nini.